Pikipiki ya Kumbeba Mama Mkwe

Malava, 14 Agosti 1979

Shemeji Shikanga,

Salamu kutoka huku kwenye miwa. Malipo ya mavuno yalitoka, nami nimenunua pikipiki. Dada yako Awinja bado amelazwa Kisumu. Mama yenu alitaka kumwona, lakini miguu yake haimfikishi tena barabara ya basi.

Pikipiki ndogo ingenitosha kwa kukagua mashamba, ila si kwa safari ndefu ya watu wawili. Kubwa ina kiti cha juu mno. Nilichukua ya kati, yenye kiti cha chini na chuma cha kushikilia nyuma, maana unajua kwetu mkwe na mama mkwe hawagusani.

“Nikianguka je?” aliniuliza Jumamosi, akitazama kando.

“Shika chuma, mama.”

“Kwani ni chuma kilichooa binti yangu?”

Alikishika hadi Kisumu. Awinja alimtambua, wakashikana mikono mpaka saa ya wageni ikaisha. Daktari aliniambia hakuna dawa iliyobaki.

Tukirudi, mama alikiacha chuma, akanikumbatia kiunoni, akalia mgongoni mwangu hadi Malinya. Sikumkataza. Hilo sijaliandika hata katika shajara yangu. Nakuandikia wewe, mwanawe. Omba ruhusa kazini, uje wiki hii.

Mume wa dada yako,
Makhanu