Mpiga Ngoma wa Sehemu ya Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Studio tena. Albamu ya kumi na moja ya bendi yetu! Wimbo mmoja tu, sehemu sita, unajaza santuri nzima. Wenzetu wa rika letu wanarudia vibao vya ujana, sisi tunahangaika na mapigo saba kwa kila mzunguko. Kinanda, ndivyo tunavyomwita mpiga kinanda wetu, anasema uzee haujatutia adabu. Tunarekodi kama siku zote — wote chumba kimoja, mwanzo hadi mwisho, hakuna kukata na kuunga. Akipotea mmoja, tunapotea naye. Sheria ya kaka yangu hiyo, mpiga ngoma wetu tangu tuanze.

Jumanne, 4 Machi

Kaka kapotea. Sehemu ya tatu, katoka kwenye saba kaingia sijui wapi. Tukamfuata. Tulipomaliza fundi mitambo akasema hajawahi kusikia ujasiri kama ule, ibaki! Makofi. Kaka akatabasamu. Mimi na gitaa langu la besi husimama karibu naye, niliona macho yake. Alikuwa anaogopa.

Jumatano, 5 Machi

Nimempigia wifi, mkewe. Amelia kwanza. Daktari kasema ni kumbukumbu, inaondoka na hairudi. Juzi kaka alisimama sebuleni kwake mwenyewe akauliza choo kiko wapi. Wenzetu wa bendi wasijue, ananisihi:

“Mwache amalize hii moja, wifi. Wakimtoa sasa, wamemuua.”

Mficha maradhi kifo humuumbua, najua. Lakini maradhi si yangu. Nimekubali.

Alhamisi, 6 Machi

Tumepumzika. Sikula.

Ijumaa, 7 Machi

Balaa. Besi yangu ilikwaruza sehemu ya tatu, fundi anataka tuipige upya, na kaka apotee vilevile! Kaka hakuelewa anaombwa nini. Wakamwekea rekodi asikilize. Akafumba macho, kidole kinagonga goti, uso umenawiri. Miaka sijamwona na raha ile. Akaniinamia.

“Mdogo wangu, huyu mpiga ngoma mmempata wapi? Muiteni basi, apige yeye.”

Wakaangua kicheko. Kaka na utani wake! Naye akacheka, kwa kuwa wote walicheka. Mimi nikatoka.

Nimejifungia chooni, naandika juu ya goti. Fundi anaita, wananingoja. Nikiwaambia, namwondolea ngoma kwa mkono wangu. Nikinyamaza, ataketi pale mbele yao asijue pa kuanzia.

Ukuta mwembamba huu. Kaka anamuuliza Kinanda kama yule mpiga ngoma ameshafika.

Sasa hivi hakuna anayecheka.