Chenza Hataki Kuguswa

Jumapili, jioni. Mvua ilinyesha alfajiri, kisha ikaacha. Milima ya Uluguru imejifunika mawingu mpaka kiunoni, na hapa Mafiga, Morogoro, udongo bado unanukia. Magoti yananiuma kidogo. Moyo umetulia, ingawa jana nilishindwa mbele ya watu.

Nilimpeleka Chenza kwenye maonyesho ya mbwa.

Kwa anayenisoma mara ya kwanza: Chenza ni mbwa wangu jike, bado mtoto, rangi yake ni ya chenza lililoiva. Mgongoni ana mstari wa manyoya yanayolala kinyume, kuelekea kichwani. Uzao wake ni wa kusini kabisa mwa bara, huko nilikozaliwa. Bwana mmoja aliyekuwa anahama mji aliniachia. Sikuwa nimewahi kufuga mbwa.

Nilikuja nchi hii kijana, mkimbizi wa ubaguzi wa rangi, nikakaa kambini Dakawa na wenzangu tukisubiri kwetu kufunguke. Kulipofunguka, walirudi. Mimi nilikuwa nimeshaoa Mluguru, na ndoto zangu zilikuwa zimeshahamia Kiswahili. Mke wangu amezikwa hapa. Mtaani naitwa Babu Dakawa, jina la mahali nilipodhani napita tu.

Nilipokuwa mtoto, mama yangu alifua nguo kwenye nyumba za Wazungu. Karibu na hapo palikuwa na uwanja wa maonyesho ya mbwa, nasi tulikuwa tukichungulia kwenye waya wa uzio. Mbwa walichanwa manyoya, wakatembezwa, wakavishwa utepe. Sikuwaonea wivu wenye mbwa. Niliwaonea wivu mbwa, maana wao waliruhusiwa kuingia.

Kwa hiyo niliposikia kwamba wafugaji wa Dar na wa hapa wangekutana kwenye uwanja wa shule, nilijiandikisha. Nilitaka kuingia. Na nisifiche, utepe pia niliutaka.

Tulifanya mazoezi uani: kutembea kushoto kwangu, kusimama wima bila kuketi. Jana alitembea vizuri hata vijana waliokaa ukutani wakapiga makofi. Mmoja akaniita, "Babu, huyo kanyolewa kiduku mgongoni! Kinyozi wake nani?" Watu wakacheka, nami nikacheka.

Kisha jaji akaja, mama wa makamo, mpole. Kazi yake ni kumpapasa kila mbwa: meno, uti wa mgongo, miguu. Akanyoosha mkono. Chenza akarudi nyuma, akalala chini, akageuza uso pembeni.

Jaji akasubiri, akajaribu tena. Chenza akafanya vilevile.

"Mzee, umbo lake zuri sana," akaniambia kwa sauti ya chini. "Lakini nisipomgusa siwezi kumpa kitu. Anaogopa watu?"

Haogopi. Ana adabu, na aliyemfundisha ni mimi.

Ua wetu ni mmoja na wa Mama Zuhura, jirani yangu, mtu wa swala tano. Chenza alipofika, jirani huyo alikuja kunisalimu. "Shikamoo Babu. Mbwa fuga, sina neno. Ila pua yake yenye maji isifike kwenye nguo zangu. Nitafua mara saba na udongo mpaka lini?"

Niliona haya. Tangu siku hiyo nikamfundisha mbwa wangu kwamba mtu akikaribia, yeye arudi nyuma, alale, ageuze pua. Nilimtuza kwa dagaa. Hakuna jambo alilojifunza upesi kama hilo, na mtaa mzima ulimsifu. Sikufikiria kwamba jaji naye ni mtu anayekaribia.

Tulirudi mikono mitupu. Usiku niliwaza hivi: nikimzoesha kuguswa, amani ya uani itaharibika, na huenda mbwa akatakiwa aondoke. Basi tusirudi tena uwanjani. Ni uamuzi wa aina niliyoizoea.

Leo alasiri jua lilitoka, na Mama Zuhura alikuwa anaanua nguo. "Vipi Babu, mwenzetu kashinda?"

"Kashindwa. Jaji alitaka kumgusa, akakataa."

"Kwa nini akatae?"

Nikamweleza. Aliacha nguo kwenye kamba, akanitazama kama anamtazama mtu aliyevaa shati nje ndani.

"Babu Dakawa. Mimi nilisema pua. Nilisema maji. Nani alikwambia asiguswe? Mkavu kwa mkavu hakuna najisi, hilo hata mtoto wa madrasa analijua."

"Nilidhani..."

"Unadhani sana wewe. Miaka yote hii ukinirudishia bakuli unaliweka barazani kisha unarudi nyuma, kama umemwekea jini sadaka. Nikasema moyoni labda ndizo mila za kwao."

Si mila za kwetu. Nilijifunza kwenye ule waya, na ugenini sikuona sababu ya kuacha. Nikamtazama Chenza: amelala, uso pembeni.

Nilimfundisha mimi kweli.

Mama Zuhura akafuta viganja kwenye kanga, akavianika juani kidogo, akachuchumaa. "Mshike kichwa. Pua ibaki huko kwako." Chenza alijivuta nyuma, kisha akatulia. Mama Zuhura hakumfuata kwa haraka. Alimsemesha kama anavyowasemesha kuku wake. Halafu akaweka mkono mgongoni, juu ya ule mstari, akaupapasa taratibu.

"Kumbe laini," akasema. "Sasa mwambie asimame. Jaji hatamkagua amelala."

Hakusimama. Mkia tu ndio uliogonga ardhi.

Tumekubaliana tutajaribu kila mara nguo zikishakauka. Watakutana tena pale uwanjani mwakani, na sijui kama atakuwa amejifunza kusimama. Anaweza asijifunze. Mambo yanayoingia mapema hayatoki upesi.

Bakuli la Mama Zuhura liko hapa mezani, lile alilolileta juzi na maboga. Nimeliosha, nimelikausha. Kesho nitampelekea, na nitampa mkononi.