Yuk-ping Hakugusa Chakula

Hong Kong, Jumapili

Mdogo wangu Sau-lan,

Rafiki yako Yuk-ping amefika salama kutoka Vancouver. Asubuhi nilimpeleka mkahawani, nikaagiza chai, maandazi ya mvuke yenye nyama na miguu ya kuku anayoipenda. Hakugusa kitu. Kila nilipomuuliza habari zako, alinijazia kikombe.

"Kula kwanza, dada."

"Sili mpaka useme. Mbona Sau-lan siku hizi hataki nimwone kwenye simu?"

Akaangua kilio mbele za watu. "Aliniapisha nisiseme. Nywele zimemwisha zote. Ni dawa za saratani."

Kumbe tangu Septemba! Nimekukasirikia mno, Sau-lan. Nimeshakata tiketi ya Alhamisi. Ukinifungia mlango, nitakaa nje kwenye theluji hadi ufungue.

Dada yako,
Mei-fong