Risasi yenye tundu

Mujukuu wangu Amina,

Jambo kule Kisangani. Huku Kindu tuko wazima, dada yako amezaa mwanaume.

Umeuliza nini ilinishangaza zaidi. Wakati wa Zaïre, tulichimbia wataalamu wa vitu vya zamani pembeni ya Lualaba. Nikaokota kipande cha madini ya risasi, chenye tundu, nikaita: “Risasi!” Wenzangu wakakimbia, wakafikiri njo ya bunduki.

“Wajinga, njo ya kuzamisha nyavu!”

Nikanyanyua jiwe niipige, niikunje kwenye nyavu yangu. Marehemu bibi yako, alikuwa ameleta chakula, akanishika mukono.

“Ngoja! Iko sura ya mama na mutoto juu yake.”

Mukubwa wa kazi akaangalia, akaniita raia, kama sheria ya wakati ule ilivyotaka: “Sitwayen, hii njo medali ya kanisa, ya kuvaa shingoni. Tundu limepanuliwa na uzi.”

Uzi, Amina! Muntu aliivaa shingoni mpaka uzi ukakula risasi. Nikamupa mukubwa kwa mikono mbili.

Babu yako