Nani Anaingia Kwenye Akaunti ya Duka Letu?

Mpendwa Shangazi, naomba msaada wako maana jambo lenyewe nikimwambia mtu ananicheka. Mimi ni mshonaji, duka tulilianzisha mimi na mdogo wangu wa kike, na picha za mitindo, vipimo vya wateja na namba zao zote tunaziweka kwenye akaunti moja ya mtandaoni ambayo neno la siri tulilijua sisi wawili tu. Mwaka jana tulikorofishana, mimi nataka tubaki na sare za shule, yeye anataka magauni ya harusi, maneno yakawa makali, akafunika mashine yake akaondoka, na tangu hapo simu yake haipatikani, hata mama hajui alipo. Lakini kila baada ya muda naletewa ujumbe kwamba kuna mtu ameingia kwenye akaunti kwa simu nyingine, naulizwa kama ni mimi, nami nabonyeza "Ndiyo, ni mimi," kwa sababu moyo unaniambia ni yeye anaangalia magauni tuliyoshona pamoja, na ujumbe ukija nashona huku naimba, usipokuja hata uzi hauingii kwenye sindano. Sasa mteja mmoja amekuja juu, anasema kuna mtu kamwandikia kwa jina la duka letu na anajua hadi kipimo cha kiuno chake. Mume wangu anasema, "Badilisha neno la siri leo, mtoe huyo mtu." Shangazi, nikimtoa nitajuaje kama mdogo wangu yu hai? Nimemkumbuka mpaka kifua kinauma.

Mshonaji, Roho Juu

Mwanangu, pole. Kumkumbuka mtu ambaye hujui hata anaamkia wapi ni mzigo, na sitakucheka.

Ila nitakugombeza kidogo. Nani kakuambia ni yeye? Simu imesema kuna mtu ameingia, jina la mdogo wako umeliweka wewe. Ujumbe ule ukiubonyeza unakuonyesha ni simu ya aina gani na imeingia kutoka mji gani. Umewahi kutazama? Hukutazama, maana uliogopa utakachokiona. Halafu wateja wamekuamini wakakupa vipimo vya miili yao, wewe umemwachia mlango wazi mtu usiyemjua kwa sababu anakuliwaza.

Sikiliza. Leo kabla hujawasha mashine, tazama hizo simu zilizoingia, ziondoe zote, badilisha neno la siri, na uweke ulinzi wa pili, ule wa tarakimu zinazotumwa kwenye simu yako. Kisha wapigie wateja uwaambie ukweli, hata wale wenye midomo mirefu.

Kama ni mdogo wako, atakuta pamefungwa, na namba yako anaijua kwa kichwa. Akipiga, habari za akaunti ziache kwanza. Mwambie umemkumbuka, na kwamba magauni ya harusi mtashona.

Asipopiga, usikae dukani kungoja. Mchukue mama, nendeni kwa rafiki zake, kwa washonaji anaofahamiana nao, na polisi mkaandikishe kwamba amepotea. Kwa sababu kutopiga kwake kutakuwa na maana moja tu, mwanangu: mwaka mzima ulikuwa unamwimbia mwizi, na mdogo wako hakuna aliyekuwa akimtafuta.