Digrii ya Mifupa

Jumatatu, 5 Julai 1999

Matokeo! Biolojia A, Kemia B, Fizikia C. Shangazi Silantoi kapiga vigelegele mpaka mafundi wa gereji ya jirani wakaacha kazi kuja kuuliza nani kaolewa. Mimi nilichukua fagio. Nilikuwa nawaza tu kwamba sasa Baba ataniuliza, na itabidi nimjibu.

Tangu niko kidato cha pili ameshawatangazia watu kanisani Ngaramtoni: Naeku wake atakuwa daktari. Wa sindano na koti jeupe. Na mimi nataka anthropolojia ya kibayolojia — hata kuitamka ni kazi! Kusoma mwili wa binadamu kwa mifupa yake, meno, vyakula, maji anayokunywa. Sijawahi kutaka kitu namna hii. Nakaa, nasimama, nafagia ua uliokwisha kufagiwa.

Jumatano, 7 Julai

Wa kulaumiwa ni Dokta Fransiska. Tangu Mahakama ya mauaji ya Rwanda ije Arusha, hapa Sakina kila mwenye chumba cha ziada kakipaka rangi na kutafuta Mzungu wa kumpangisha. Shangazi kampata huyu wa Kanada. Kazi yake kutazama mifupa ya waliouawa na kusema walikuwa watu gani.

Siku ya kwanza nilicheka kabla sijawahi kuziba mdomo. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: wewe umekunywa maji ya mlima huu tangu mtoto. Meno yangu ya kahawia! Yaleyale ambayo wasichana wa bweni waliyaita chai ya rangi. Kumbe kuna watu wanalipwa kuyasoma.

Anasema hapa nchini naweza kuanza na zuolojia au akiolojia, halafu nisogee pole pole. Au nijaribu chuo chake, kina kozi yenyewe na ufadhili. Nimepanga: mwaka wa kwanza anatomia na takwimu, wa pili jenetiki, halafu utafiti wangu mwenyewe, meno ya watoto wa kwetu. Nimefuta. Nimepanga upya, jenetiki mbele. Nimefuta tena.

Jumapili, 11 Julai

Ngaramtoni. Yeyo kapika loshoro ya mahindi na maziwa ya mgando, mama yangu huyu hajui kupika kidogo. Nikasema hapo hapo, bakuli mkononi.

Baba kauliza, mifupa ya ng'ombe? Ya watu, Baba. Akaweka bakuli chini. "Hiyo si kazi ya mtoto wangu. Hiyo ni kazi ya fisi."

Basi. Na bila baraka zake siendi Kanada wala Dar, najua hivyo, na inaniudhi kwamba najua.

Nadhani hakuwa ananijibu mimi. Alikuwa anamjibu kaka Tajeu, aliyekwenda Mererani kuchimba tanzanite na hakurudi tangu mvua kubwa za mwaka jana zijaze mashimo. Kwetu marehemu hatajwi jina. Yeyo anataja kila siku, kwa sauti, Tajeu hivi, Tajeu vile. Baba hatamki kamwe. Hawajawahi kugombana kuhusu hilo, lakini kila mmoja anamsikia mwenzake.

Leo Yeyo kaninong'oneza jikoni. Baba alishakwenda kituo cha polisi kule machimboni kuripoti. Wakamwuliza jina la aliyepotea. "Mwanangu wa pili." Jina, mzee! "Mwanangu wa pili." Akaondoka. Kwa hiyo kaka yangu hayumo popote! Mwaka mzima tunangoja kuitwa, na hakuna anayejua kwamba sisi ni wa kuitwa. Nilisugua sufuria kwa hasira hadi vidole vikauma.

Alhamisi, 15 Julai

Siku ya soko, bado niko Ngaramtoni. Manase, anayepeleka mbuzi machimboni, katuambia: shimo moja la zamani limevutwa maji, wamekuta mifupa ya mtu mmoja. Kuna familia ya Wachaga wa Rombo imeshamtambua kijana wao kwa mkanda. Jumamosi wanamchukua wakamzike kihambani, kwenye migomba yao.

Mkanda! Kila mchimbaji ana mkanda kama ule. Baba alinunua chumvi.

Nyumbani kaniuliza, macho yako kwenye zizi: huyo mwalimu wako Mzungu, anajuaje? Nikamwambia kuhusu taya. Sisi hung'olewa meno mawili ya mbele ya chini utotoni, Wachaga hawang'oi. Kauliza, hata akikaa majini mwaka? Hata miaka mia, Baba.

Akavua kofia. Akaenda kwa ng'ombe wake.

Ijumaa, 16 Julai

Baba kasema kesho twende Mererani, mimi na yeye. Dokta yuko Kigali. Nimempigia kutoka posta, simu inakwaruza. Kasema: meno yakidondoka baada ya kifo, matundu hubaki wazi. Yaking'olewa utotoni, mfupa hujifunga na kuwa laini. Usitazame tu. Pitisha kidole.

Kidole changu! Sijala tangu asubuhi.

Jumamosi, 17 Julai

Mererani. Naandika gotini, nyuma ya kituo. Askari kaenda kutafuta ufunguo wa stoo.

Yeyo kagoma kuja. Kasema haendi kumchukua mtu ambaye hajafa.

Watu wa Rombo wamefika na jeneza. Kaburi limeshachimbwa, ndugu wamekaa wanangoja. Mama mtu anaitwa Eunike. Nilipomwamkia shikamoo akanimiminia chai ya chupa yake. "Kunywa mwanangu, umetoka mbali na vumbi lote hili." Nikanywa.

Nikikuta mfupa umejifunga, namnyang'anya huyu mama mwanawe na namwua wa Yeyo. Nikikuta matundu, namkabidhi wake kwenye jeneza. Nilitaka kuandika kwamba sijui naomba lipi. Uongo. Naomba matundu. Mungu anisamehe, naomba matundu!

Kaka yake Eunike, Bwana Reginald, kamwuliza askari, hiki kitoto kitaangalia nini? Sisi tumeshatambua. Askari akanigeukia: binti, wewe ni nani hasa?

Baba akasimama. Baba, ambaye mbele ya serikali hutafuta maneno chini kwenye viatu vyake! "Huyu ni binti yangu. Anasomea mifupa ya watu. Chuo kikuu."

Anasomea! Sijasoma hata siku moja. Maombi yenyewe sijamaliza kuyajaza. Nilifungua mdomo nimsahihishe, nikaona bado anamtazama askari machoni, nikaufunga.

Ufunguo umepatikana. Eunike amekuwa wa kwanza kusimama. Ananiomba nimshike mkono tukiingia. Mkono wa kulia nitauhitaji. Nitampa wa kushoto.