Wasia Wangu na Wake

Karakol, tarehe 9 Oktoba

Dada yangu Burul,

Salamu zikufikie huko Naryn, wewe, shemeji na wajukuu wote, mpaka yule mchanga ambaye bado hajui kwamba ana bibi mdogo huku. Goti linaendeleaje? Nasikia theluji imeshaanza kwenu, na ninavyokujua unatoka kukamua bila soksi za sufu, halafu unasingizia uzee. Maziwa makavu uliyonitumia yamefika. Nimeyaficha, maana mwanangu Ulan akiyaona hayabaki. Mimi sijambo, isipokuwa moyo.

Moyo huo ndio ulionishikisha kalamu. Madaktari wa Bishkek wamesema watanipasua tarehe ishirini na moja. Wanasema wengi hupona. Nikawauliza wasiopona ni wangapi, wakaniambia mama, usiyafikirie hayo.

Watoto ndio walioyafikiria. Wiki mbili zilizopita Ulan alikuja kutoka Bishkek, Nazira naye akaja na kichanga chake, wakakaa mezani wakamaliza birika zima bila kusema la maana. Nikajua kuna jambo. Mwishowe Nazira akasema mama usikasirike, hatukuombei mabaya, lakini hii nyumba umeiandikia wasia? Kwa desturi yetu nyumba ni ya kitinda mimba, ila Ulan mwenyewe alisema hawezi kujilia peke yake dada yake akimtazama, wagawane sawa, mradi niache karatasi wasije wakazungushwa maofisini. Nikawajibu kwamba wasia niliandika zamani, na kila kitu ni chao. Wakashusha pumzi. Nazira akanibusu.

Kuandika, niliandika kweli. Kwamba kila kitu ni chao, huo ndio ulikuwa uongo.

Unakumbuka mwaka ule basi letu lilipoteleza mlimani, tukatoka wazima? Wiki ileile mimi na Temirkan tulikwenda kwa wakili tukaandikiana wasia. Akifa yeye, mali yake yangu; nikifa mimi, mali yangu yake. Watoto walikuwa bado wadogo. Kisha miaka ikapita, Temirkan akampata Gulsun wake, tukaachana. Nyumba ikabaki kwangu, yeye akanunua nyingine karibu na soko. Wasia hakuna aliyeugusa. Mwaka jana nilikwenda kwa wakili kimyakimya kuuliza, akaniambia talaka haifuti wasia, hufutwa na aliyeuandika. Kwa hiyo nikifia mezani kwa madaktari, nyumba hii niliyowalelea wanangu inakwenda kwa Temirkan, na Gulsun anaingia na mapazia yake.

Utaniuliza kwa nini sikuufuta siku hiyohiyo. Kalamu ilikuwa mbele yangu. Lakini kwanza nilimwuliza wakili kama Temirkan ameshafuta wa kwake. Akasema hiyo ni siri ya mteja. Nikamwambia mimi ni mkewe. Akasema ulikuwa. Nikachukua mkoba wangu nikatoka. Nilijiambia kwamba akifuta yeye nami nitafuta, na kama hajafuta, basi kuna kitu changu kimebaki moyoni mwake. Mwaka mzima nimeishi kwa hilo, dada, usinicheke.

Wivu ninao, sina haja ya kukuficha wewe uliyenilea. Gulsun anauza mapazia sokoni, nami nikienda kununua vitunguu nazunguka njia ndefu ili nimwone amevaa nini. Safari moja nilimtuma jirani akaninunulie pazia kwake, nichunguze mshono. Mshono ulikuwa safi kabisa. Nimeligeuza tambara la kudekia.

Sasa sikiliza yaliyotokea Jumamosi iliyofuata. Ilikuwa siku ya kumlaza mjukuu wangu kwa mara ya kwanza kwenye kitanda cha kubembea. Kitanda nilipeleka mimi, kilekile walicholalia Nazira na Ulan, nimekipaka rangi upya na mikanda yake nimeshona kwa mkono wangu. Tulipokaa, mama mkwe wa Nazira akasema mtoto alazwe na mwanamke mwenye uzazi mwingi, baraka ishike. Mimi nina wawili. Gulsun ana wana wanne, wa mume wake wa kwanza. Wakamwita yeye, na Nazira akainamisha kichwa asinione. Gulsun akamfunga mjukuu wangu kwa mikanda yangu akisema yale maneno yetu, si mkono wangu, ni mkono wa Umai Ene mlinzi wa watoto, na wanawake wote wakaitikia kama vile mimi sipo. Temirkan alisimama mlangoni akimtazama, macho yaleyale aliyokuwa akinitazama nayo nikikanda unga. Nilikula maandazi kumi na moja ili mdomo usipate nafasi ya kusema.

Baadaye nikamfuata Temirkan uani, akipasua kuni za chai. Nikamwambia napasuliwa moyo, nataka kuyaweka mambo yangu sawa, na ule wasia wetu wa mwaka wa basi yeye aliufanya nini. Akauliza wasia gani. Nikamkumbusha ofisi ya wakili, ngazi zake, na zile tambi baridi tulizokula tulipotoka, akajimwagia pilipili kwenye shati jeupe. Shati alilikumbuka. Wasia hakuukumbuka. Akacheka, akasema eh, Toktobubu, hicho kichwa chako kinatunza takataka, si ulikufa na talaka huo? Kisha Gulsun akamwita ndani, njoo baba, chai inapoa, akaliacha shoka pale akaenda.

Sikulia. Jumatatu nilikuwa wa kwanza mlangoni kwa wakili. Nikafuta wangu, nikaandika mpya, nyumba nusu kwa nusu, Ulan na Nazira. Nazira nilitaka kumpunja kwa sababu ya ile siku, nakiri, lakini nikakumbuka alivyoinamisha kichwa, mkono ukaandika haki. Kwa hiyo nilichowaambia watoto sasa ni kweli, na kwa upande huo nalala vizuri.

Upande wa pili ndio nataka uubebe nami. Temirkan anadhani wasia wake ulikufa. Haukufa. Akitangulia yeye, ile nyumba ya karibu na soko, anayoitundikia Gulsun mapazia chumba kwa chumba, ni yangu mimi. Neno moja tu lingetosha kumzindua pale kwenye kuni, nami nilikuwa nalo mdomoni. Niliposikia ile njoo baba, nikalimeza. Najua ni dhambi. Gulsun hajanitukana hata siku moja, na ana watoto wanne. Lakini tangu siku hiyo kila nikitoka dukani napitia mbele ya nyumba ile, nasimama, naangalia ni dirisha gani litafaa kuwa la jikoni.

Nikifa mimi kwanza, jambo hili linakufa nami na Gulsun hatajua kamwe kwamba lilikuwapo. Basi juzi daktari aliponiuliza kama naogopa, nilimwambia siogopi, nataka kuishi, tena miaka mingi. Akafurahi sana. Akasema mgonjwa mwenye sababu ya kuishi hupona upesi kuliko wengine. Sababu sikumtajia.

Mpe shemeji salamu zangu na umwambie asiuze yule farasi wa kijivu kabla sijamwona. Wabusu wajukuu. Ukimaliza kuisoma barua hii itie kwenye jiko, usimsomee mtu, na tarehe ishirini na moja asubuhi uniombee nipone.

Ni mimi mdogo wako,
Toktobubu